Ghorofa ya Tatu

Watoto wa Michenzani, swali lenu ni moja,
mmelitoa kwa sauti moja, kama mliofunzwa kuitikia:
Ulitoka nje?

Hapana. Sikutoka.

Siku mia na sitini na mbili nilikaa juu kule,
na mlango ulipofunguliwa, aliyetoka ni Ilze.
Mie nilibaki ndani na daftari la hatua mia na nne
nikimsomea sikioni: skrubu ya tatu, robo mzunguko, pumzika.
Kamba yako iko wapi? Nambie kwa mdomo.
Saa saba. Mguu ukafa ganzi, nikauacha ufe.

Kazi hiyo sikufunzwa na wenye makoti meupe.
Nilifunzwa hapa, kwenye ngazi hizi,
mwaka ule waya wa umeme ulipoharibika
na Unguja nzima ikalala kiza miezi mitatu,
friji zikawa makabati, pampu zikanyamaza,
na maji yakawa kitu cha kubebwa.

Bi Kazija akatupanga, kutoka kisima cha msikitini
mpaka ghorofa ya tano.
Mie, miaka kumi na tatu, nikapewa ya tatu,
baina ya Ussi Pandu, aliyekuwa hasemi na baba yangu
tangu ugomvi wa kamba ya kuanikia,
na Riziki wa mkono wa kushoto.
Ukiwa ya tatu huoni kisima.
Huoni pipa likijaa.
Unaona mkono unaotoa, unaona mkono unaopokea,
na ukuta wenye chaki za watoto waliokutangulia.

Siku ya kwanza nusu ya maji iliteremka yenyewe,
tukaisikiliza kipandio kwa kipandio mpaka uani.
Tukangoja matusi.
Bi Kazija hakuuliza nani kamwaga.
Kauliza: Nani kachoka?
Kisha akaweka sheria, moja tu:
anayetoa aseme shika,
na asiachie mpaka asikie nimeshika.

Siku arubaini Ussi Pandu hakuniambia neno jengine.
Shika. Nimeshika. Shika. Nimeshika.
Siku ya arubaini na moja akaongeza: Baba'ko hajambo?

Barua ya kwanza ya kunikataa ilisema macho.
Ya pili ilisema samahani, kwa herufi nzuri.
Ya tatu haikuja,
na kutokuja kwake nilikusoma mwaka mzima.
Mama, kwenye simu, huku anakuna nazi:
Ndoo ikishamiminwa haikai juu, mwanangu. Iteremshe.
Nikaiteremsha. Ya nne ikapanda imejaa.

Sasa niwaambie nisilowaambia waandishi wa habari.
Saa ya tano nilikosea.
Hatua ya sitini na mbili nikasoma kushoto
palipoandikwa kulia.
Ilze akanyamaza. Dirishani Dunia ikapita
na mawingu yake, haina habari.
Nikangoja matusi.
Tadashi, kapteni wetu, mtu wa maneno ya kuhesabika,
akauliza: Mwatima, umechoka?
Akanisogezea mfuko wa maji,
maji ya jasho letu sote, yaliyochujwa, yasiyo na mwenyewe,
akalishika daftari upande wa pili,
tukasoma wawili.
Ilze, shika.
Kimya kirefu, kirefu kuliko ngazi hizi.
Nimeshika.

Picha mmeiona, imebandikwa skuli kwenu:
mtu mweupe kama yai
na bahari nzima kwenye kioo cha uso wake.
Si mimi yule.
Lakini tazameni kiunoni, ipo kamba.
Ifuateni kwa kidole
mpaka inapotoka kwenye ukingo wa picha.

Haya, maneno yametosha.
Sanduku la darubini limo garini,
zito, lina vioo, na paa letu liko juu ya ghorofa ya tano.
Jipangeni.
Nani anataka ya tatu?